Nimepata nafasi vyuo viwili kusoma saikolojia, nichague kipi? Anza na leseni, jina la chuo lije baadaye

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kumaliza shule. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nalirudia hapa kwa kifupi ili na wengine walio kwenye hali kama yako waelewe tunaongelea nini. Umepata nafasi vyuo viwili. Cha kwanza ni kikubwa, jina lake kila mtu analijua, wanakupa BA ya saikolojia ya ushauri nasaha. Cha pili hakina jina kubwa, wanakupa BSc ya saikolojia tu, haina mkia wowote. Unataka uje kutibu watu waliopitia trauma, yaani majeraha ya akili yanayoachwa na tukio la kutisha, na umesema hamu hiyo ilianza pale dada yako alipopita kwenye kipindi kigumu akampata mtu aliyejua kumsikiliza. Hesabu unaziogopa. Mzee anasema chukua chuo chenye jina. Una wiki mbili za kuthibitisha, na mwisho kabisa ukauliza, hivi nikimaliza hiyo digrii naweza kufungua ofisi yangu nikaanza kuona watu?

Naanza na hilo la mwisho maana ndo linaloamua mengine yote. Hapana, huwezi. Digrii ya kwanza ya saikolojia karibu kila mahali duniani haikufanyi mwanasaikolojia, inakufanya mtu mwenye digrii ya saikolojia, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Daktari akimaliza shule yake ya udaktari anaenda intanship kisha anatibu, mwalimu akimaliza ualimu anaingia darasani, lakini sisi digrii ya kwanza ni msingi wa nyumba, ukuta bado na paa bado. Marekani kwa mfano, ili upate leseni ya kujiita mwanasaikolojia na kutibu watu kwa jina hilo, kwa kawaida unatakiwa uwe na digrii ya uzamivu, ile ya ngazi ya juu kabisa ya chuo, PhD au PsyD inayolenga tiba, alafu saa nyingi za kazi chini ya msimamizi, alafu mtihani. Uingereza mwanasaikolojia wa tiba anasoma uzamivu wa miaka 3 juu ya digrii ya kwanza, na wengi kabla ya kupata hiyo nafasi wanakuwa wameshafanya kazi za usaidizi kwenye huduma za afya ya akili. Afrika Kusini ni digrii ya pili pamoja na intanship ya miezi 12, na wa tiba wanaongezewa mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Australia hesabu yake ni miaka si chini ya 6, kuanzia siku unaingia chuo mpaka unasajiliwa kikamilifu. Ulaya kuna cheti kinaitwa EuroPsy ambacho kinadai miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa kazi chini ya usimamizi.

Sijakuandikia hayo kukukatisha tamaa. Nimeyaandika kwa sababu yanabadilisha swali lenyewe. Wewe umeuliza chuo gani kizuri, ila swali linalotakiwa ni hili: mlango ninaotaka kuingia miaka sita au saba ijayo unafunguliwa na ufunguo gani, na kati ya hizi digrii mbili ni ipi inanipa huo ufunguo? Yaani unaanza mwisho unarudi nyuma. Tafuta bodi inayotoa leseni kwenye nchi unayotaka kufanyia kazi, soma masharti yao, uone wanataka digrii ya pili ya aina gani, kisha ingia kwenye hizo programu za digrii ya pili usome wanachukua mtu mwenye nini, ndo ushuke sasa kwenye digrii ya kwanza. Kazi hiyo ni ya jioni moja au mbili, na naona wanafunzi wengi sana hawaifanyi.

Na mimi sikuifanya. Nilichagua digrii yangu ya kwanza kwa sababu jina lake lilikuwa na neno "tiba" ndani yake, nikaona hii ndo yenyewe, nikasoma miaka yote kwa bidii na matokeo yangu yalikuwa mazuri tu. Siku naomba digrii ya pili naambiwa programu niliyosoma haikuwa na tasnifu ya utafiti, na takwimu nimesoma muhula mmoja wakati wao wanataka zaidi, kwahiyo maombi yangu hayajafika hata kwenye meza ya kusomwa. Ilinichukua mwaka mzima na zaidi kusoma masomo ya kuziba pengo, nakaa darasa moja na watoto wa mwaka wa pili. Hakuna mtu aliyenidanganya, kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye prospektasi, mimi ndo sikusoma zaidi ya kichwa cha habari. Tangu hapo nimefundisha saikolojia miaka mingi na nimekaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi wa digrii ya pili, na kila mwaka naona faili la mtu mwenye kisa kama changu, inaniuma kila mara.

Sasa tuje kwenye hizo herufi, BA na BSc, maana najua zinakuchanganya. Watu wengi wanadhani BSc ni ya kisayansi na ngumu, BA ni nyepesi ya maneno maneno. Inaweza ikawa hivyo na inaweza isiwe, inategemea chuo kimepanga vipi. Sehemu nyingine tofauti ni kwamba idara ya saikolojia ipo chini ya kitivo cha sayansi ya jamii basi digrii inatoka BA, ingekuwa kitivo cha sayansi ingetoka BSc, masomo ni yale yale. Cambridge na Oxford wanatoa BA kwenye digrii zao za saikolojia na ni za kisayansi kabisa. Chuo kingine kinakuwa na zote mbili, na hapo BSc inaongeza baolojia na takwimu na maabara, BA inakuachia nafasi ya kuchanganya na masomo mengine kama sosholojia au lugha. Kwahiyo herufi peke yake haikuambii kitu. Inayokuambia ni orodha ya masomo mwaka kwa mwaka, na hiyo orodha ndo nataka uitafute leo hii kwa vyuo vyote viwili.

Ukiipata angalia nini? Chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, BPS, kinapokagua digrii kinaangalia maeneo makuu ambayo binafsi naona ni kipimo kizuri hata kwa mtu ambaye hana mpango wa kukanyaga Uingereza: saikolojia ya kibaolojia, yaani ubongo na mishipa ya fahamu na homoni, saikolojia ya utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini, lugha, kufikiri, kisha makuzi ya binadamu toka utotoni hadi uzee, saikolojia ya jamii, haiba na tofauti za watu ikiwemo upimaji wa akili, historia na misingi ya fani yenyewe, na mwisho mbinu za utafiti na takwimu. Weka orodha ya chuo cha kwanza pembeni ya hayo maeneo, tia alama. Fanya hivyo na cha pili. Kama digrii ya ushauri nasaha imejaa masomo ya ushauri wa ndoa, ushauri wa vijana, ushauri wa kazini, ushauri wa waathirika wa madawa, ila ubongo hakuna, kumbukumbu hakuna, na mbinu za utafiti ni somo moja, hapo umeshapata jibu lako kwa sehemu kubwa. Trauma unayotaka kuitibu inakaa kwenye kumbukumbu na kwenye mwili, mtu anashtuka usiku, moyo unakimbia, tukio linamrudia kama linatokea sasa hivi, sasa utamsaidiaje kama hujawahi kufundishwa kumbukumbu inafanyaje kazi au mwili ukiona hatari unafanya nini? Mbinu za kuzungumza na mtu utazisoma kwenye digrii ya pili, tena kwa kina na kwa kusimamiwa. Msingi huu usipousoma sasa hakuna atakayerudi kukufundisha baadaye, watakuchukulia kwamba unajua.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi kwenye hiyo ya ushauri nasaha, maana na yenyewe ina njia yake halali. Nchi nyingi mshauri nasaha na mwanasaikolojia ni taaluma mbili, kila moja na bodi yake na masharti yake, na washauri wazuri wanaokoa watu kila siku. Marekani mshauri mwenye digrii ya pili anapata leseni ya ushauri na anatibu, hahitaji uzamivu. Inawezekana kabisa mtu yule aliyemsaidia dada yako alikuwa mshauri, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au muuguzi wa afya ya akili. Nenda kamuulize dada, au mwambie amuulize huyo mtu amesoma nini. Ukigundua unachokitaka ni ushauri nasaha moja kwa moja, basi mizani inabadilika na chuo cha kwanza kinaweza kuwa sahihi, sharti digrii yao iwe inatambuliwa na bodi husika. Wasiwasi wangu ni kumfungia mtu wa miaka 18 au 19 kwenye chumba kimoja kabla hajaona nyumba nzima. Digrii ya saikolojia ya jumla inakuacha wazi, unaweza kutoka hapo ukaenda ushauri, tiba, elimu, saikolojia ya viwanda na kazi, ya uchunguzi wa jinai, utafiti, hata kwenye kampuni za teknolojia wanakotafuta watu wa kuelewa mtumiaji anafikiri vipi. Kutoka kwenye digrii iliyobana kwenda kwingine ndo shida.

Kitu kingine, kama unawaza kutoa dawa, karibu kote hiyo sio sisi. Daktari wa magonjwa ya akili anasoma udaktari wa binadamu kwanza kisha anabobea. Nimeandika tu kwa sababu kila mwaka napata mwanafunzi anayegundua hilo akiwa mwaka wa tatu.

Haya, hesabu. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo panapowatisha wengi, na naona watu wanachagua programu dhaifu ili tu wakimbie takwimu.

Kwanza hofu yako naielewa na haimaanishi huna akili. Takwimu tunazotumia kwenye digrii ya kwanza hazihitaji zile hesabu ngumu za sekondari zilizokuumiza, hakuna anayekudai ukokotoe fomula ngumu kwa mkono. Unahitaji kujumlisha, kugawanya, asilimia, kusoma grafu, na uvumilivu. Mahesabu mazito yanafanywa na kompyuta, kuna programu za takwimu kama SPSS ambayo vyuo vingi wanalipia, kuna R na jamovi na JASP ambazo ni za bure kabisa unaweza kuzidownload leo. Kazi yako ni kujua uulize nini na jibu lina maana gani.

Pili ngoja nikuonyeshe kwanini mtu wa kutibu anazihitaji. Chukua dodoso la kuchuja watu wenye tatizo fulani la akili, tuseme ni dodoso zuri, kati ya watu 100 wenye tatizo linawakamata 90, na kati ya watu 100 wasio na tatizo linawaacha salama 90. Unalipeleka kwenye shule yenye wanafunzi 1000 ambapo wenye tatizo kweli ni asilimia 5, yaani 50. Dodoso linawakamata 45 kati ya hao 50, safi. Ila wale 950 wazima, asilimia 10 yao, ambao ni 95, na wenyewe wataonekana wana tatizo. Jumla waliokamatwa ni 140, na wenye tatizo kweli ni 45 tu. Yaani kila watoto watatu ulioita wazazi wao ukawaambia mtoto wenu anaumwa, wawili hivi ni wazima. Rudia hizo namba taratibu kwenye karatasi, utaona ni kujumlisha na kugawanya tu, hakuna hata alama moja ya ajabu. Lakini mtu ambaye hakufundishwa hilo atalisambaza dodoso kwa nia njema kabisa na atawabandika watoto 95 jina la ugonjwa ambao hawana. Mimi nikimfikiria huyo mtoto mmoja kati ya 95 anarudi nyumbani na hiyo karatasi, naona takwimu ni somo la huruma kuliko masomo yote tunayofundisha.

Mfano mwingine. Mteja anakuja ana alama 16 kwenye kipimo cha sonona, alama zikiwa nyingi ndo hali mbaya, baada ya wiki 6 za mazungumzo na wewe ana 11. Umemponya? Inawezekana. Inawezekana pia watu huja kutafuta msaada siku wakiwa wameshuka chini kabisa, na mtu aliye chini kabisa mara nyingi anapata nafuu kidogo hata asipofanyiwa kitu. Au kipimo chenyewe kinayumba alama mbili tatu kutoka siku hadi siku. Ndo maana tunatafuta kundi la kulinganishia, ndo maana tunasoma makosa ya vipimo. Mtaalamu asiyejua haya anaweza kufanya kazi miaka 20 akiamini mbinu yake inafanya kazi kumbe ni muda tu ulikuwa unafanya kazi.

Kwahiyo ukiona programu ina takwimu na mbinu za utafiti mwaka wa kwanza, tena wa pili, kisha tasnifu mwaka wa mwisho, usiikimbie, hiyo ni dalili nzuri kuliko majengo na kuliko jina. Ila uliza swali moja la ziada, wanamsaidiaje mwanafunzi anayeingia akiwa dhaifu wa hesabu? Kuna idara zina vipindi vya ziada kila wiki, vikundi vidogo vya mazoezi kwenye kompyuta, wasaidizi wa kukaa na wewe mpaka uelewe. Na kuna idara lekchara anasoma slaidi mbele ya watu 400 kisha anaondoka. Kwa mtu kama wewe hiyo tofauti ni kubwa mno, na sio lazima chuo kikubwa ndo kiwe na huduma nzuri, mara nyingine ni kinyume chake.

Tasnifu nimeitaja, niiongezee kidogo. Hakikisha kila mwanafunzi anafanya utafiti wake mwenyewe au kwenye kikundi kidogo, akiwa na msimamizi anayeonana naye kweli, sio jina kwenye karatasi. Uliza msimamizi mmoja anabeba wanafunzi wangapi. Uliza kama kuna kamati ya maadili inayopitia tafiti za wanafunzi kabla hawajaanza kukusanya data, maana idara inayojali hilo inajali na mengine. Na nikwambie kitu cha ndani, tunapopitia maombi ya digrii ya pili, barua ya msimamizi wa tasnifu inayosema nimefanya naye kazi mwaka mzima, alikosea hapa akarekebisha vile, ina uzito mkubwa sana kwetu. Barua kutoka kwa profesa mwenye jina ambaye anaandika tu alikuwa anahudhuria darasani haina la kutuambia.

Kingine cha kuangalia ni kama mafunzo yao yako hai. Saikolojia ya leo sio ile ya miaka 30 iliyopita. Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, zilikuwa kama asilimia 36 tu, wakati zile za mwanzo karibu zote zilidai zimepata. Fani nzima ilitikisika, na kwa maoni yangu ikawa bora, sasa hivi watafiti wengi wanasajili mpango wao kabla ya kuanza na wanaweka data wazi ili wengine wakague. Mwaka 2010 pia Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha jinsi mengi tunayoyaita "binadamu yuko hivi" yametokana na kupima watu wa jamii chache tajiri za Magharibi, wengi wao wanafunzi wa chuo. Sasa wewe usomaye saikolojia kwa Kiswahili hilo linakuhusu moja kwa moja, watu utakaowahudumia wengi wao hawakuwemo kwenye hizo tafiti. Kwahiyo chukua silabasi, au muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: lile jaribio la gereza la Stanford la 1971, ambapo wanafunzi waliigizishwa walinzi na wafungwa, mlifundishwaje? Akikwambia tulifundishwa kwamba limethibitisha mtu akipewa madaraka anageuka mkatili, basi, hapo vitabu vimelala. Akikwambia tulifundishwa lilivyofanyika, na walinzi walivyoelekezwa, na ukosoaji uliokuja baadaye, hapo unasoma sehemu yenye watu walio macho.

Kuhusu kutambulika. Hili ni la kukagua mwenyewe, usikubali kuambiwa kwa mdomo. Ingia kwenye orodha rasmi ya chombo kinachotoa ithibati, tafuta jina la programu kamili kama lilivyoandikwa kwenye barua yako, angalia ithibati inaisha mwaka gani. Jina la chuo kuwemo kwenye orodha haitoshi, chuo kinaweza kuwa na programu mbili, moja imo moja haimo. Na ujue kila chombo kinakagua kitu chake: APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, inatoa ithibati kwa programu za uzamivu na intanship, digrii za kwanza haikagui kabisa, kwahiyo mtu akikwambia digrii yake ya kwanza ina ithibati ya APA muulize vizuri. Uingereza BPS inakagua digrii za kwanza, na mtu aliyesoma isiyotambulika au aliyesoma kitu kingine inabidi apite kwenye kozi ya kubadilisha fani. Kama una ndoto ya kwenda nje kusoma digrii ya pili, hifadhi silabasi za kila somo toka mwaka wa kwanza, zile zenye maelezo na saa za kufundishwa, utaombwa siku moja na chuo kinaweza kuwa kimeshabadilisha mtaala.

Fildi pia, nitapita haraka. Programu nzuri inakupeleka sehemu ya kazi, hospitali, shule, kituo cha kulea, na kuna mtu anakusimamia na mnakaa mnaongelea ulichokiona. Isikupe wateja wa trauma ukae nao peke yako mwaka wa pili. Chuo kikikutangazia kwamba utaanza kutibu watu ukiwa bado hujamaliza digrii ya kwanza, usione ni fursa, hilo ni hatari kwako na kwa hao watu.

Mzee wako sasa. Usibishane naye kwa hasira, anachosema kina ukweli wake. Jina la chuo linafungua baadhi ya milango, hasa kwa waajiri wasiojua saikolojia, na chuo kikubwa kinaweza kuwa na maktaba nzuri, hospitali yake ya kufundishia, maprofesa wanaofanya tafiti. Ila kwenye kazi yenye leseni, bodi haiangalii jina, inaangalia transkripti imekamilika au haijakamilika. Kaa naye, mwekee zile orodha mbili mezani na masharti ya bodi pembeni, mwonyeshe kwa kidole. Mzazi anayehofia kesho ya mtoto anatulia akiona mtoto amefanya hesabu zake, na anaweza hata akakuonyesha kitu ambacho hukukiona. Muulize pia juu ya ada ya miaka yote mpaka leseni, sio ya digrii ya kwanza peke yake, maana kama safari ni miaka 6 au 7 na hela itaishia mwaka wa 3, inabidi mlijue sasa, na chuo cha ada nafuu kinaweza kuwa ndo kitakachokufikisha.

Na kuhusu dada. Umeandika sentensi moja tu juu yake lakini nimeiona ndo sentensi nzito kuliko zote. Wengi wetu tulifika kwenye hii fani kupitia mtu wetu, mimi pia. Inakupa moyo usiku ule wa kusomea mtihani wa ubongo na majina yote yale ya Kilatini. Lakini kuna siku darasani itafundishwa mada inayofanana na yaliyowakuta nyumbani, na itakugusa sehemu ambayo hukutegemea. Ikitokea tafuta mtu wa kuongea naye, vyuo vingi vina huduma ya ushauri kwa wanafunzi, na swali la kama ipo na inafanya kazi liweke kwenye orodha yako ya maswali. Baadhi ya mafunzo ya tiba huko mbele yatakutaka na wewe ukae kwenye kiti cha mteja kwa muda, kwahiyo kuanza mapema sio udhaifu.

Umeniuliza kipi, nisikukwepe. Kwa nilichokisoma kwenye barua yako, mtu anayetaka kutibu trauma akiwa na leseni ya mwanasaikolojia, naegemea chuo cha pili, BSc ya jumla, kwa masharti matatu: programu yao iwe imo kwenye orodha rasmi, iwe na tasnifu ya lazima, na takwimu zifundishwe zaidi ya muhula mmoja. Likikosekana hata moja kati ya hayo naondoa kauli yangu. Na kama cha kwanza kikubwa nacho kina BSc au BA ya saikolojia ya jumla, waandikie leo uwaulize kama unaweza kuhamishiwa huko kabla ya kuthibitisha, watu wengi hawajui kwamba hilo linawezekana, wakati mwingine ni barua pepe moja tu.

Wiki mbili zinatosha ukianza kesho asubuhi. Andikia idara zote mbili, sio ofisi ya udahili, idara yenyewe, uombe silabasi ya miaka yote, idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi wa tasnifu, wahitimu wao wa hivi karibuni wamekubaliwa kwenye digrii gani za pili, na uombe kuongea na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho. Andika siku uliyotuma na siku waliyojibu. Ikifika siku ya tano idara moja imekujibu maswali yote na nyingine iko kimya, zingatia na hilo, kwa sababu hao ndo utakaowaandikia tena siku takwimu zimekugomea. Ukishazipata silabasi nitumie zote mbili nizipitie na wewe somo kwa somo, nina nafasi jioni za wiki hii yote na ijayo.